Maji ya Katikati

Chembe yenyewe ilikuwa ndogo kuliko punje ya sukari, lakini ndani ya Chumba cha Kusomea ilijaa mpaka darini. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya Jicho la Fuwele: kuipiga chembe kwa miale isiyoonekana, kuinasa miale hiyo inavyotawanyika, kisha kupiga hesabu na kuujenga mpangilio wote wa atomu hewani kwa nuru. Mtu aliweza kuingia ndani ya dawa kwa miguu yake, akapita kati ya atomu na atomu kama anayekagua migomba shambani. Dk. Tusekile aliingia humo kila asubuhi, kitenge kimemfunika kichwa na mabega, kikombe cha chai mkononi. Chai ilikatazwa humo ndani. Aliyeikataza ni yeye mwenyewe, basi nani amwambie?

Asubuhi hiyo chai ilimpolea mkononi.

"Jicho, onyesha tena," alisema.

Jicho likaonyesha tena. Safu zilikuwa zile zile, nyekundu na buluu, lakini kitu kilikosekana.

"Maji yako wapi?"

"Hakuna maji," Jicho lilijibu. "Nimesoma chembe saba za mkupuo huu. Zote kavu."

"Jamani," Tusekile akasema, akakaa chini sakafuni katikati ya atomu.

Ili tuelewane: Tulizo, dawa ya kifafa iliyoufanya mji wa Tukuyu ujulikane mpaka ng'ambo, ilikuwa chumvi. Si chumvi ya mboga. Wanakemia huita chumvi kitu kinachozaliwa asidi inapokutana na besi. Asidi inatoa chembe moja ya haidrojeni, kama mahari, besi inaipokea, na tangu hapo mmoja ni chanya na mwenzake ni hasi, wanavutana. Ila katika Tulizo hao wawili walikuwa wakubwa, wana mikunjo na mapembe, na kila walipotaka kukaribiana hawakuenea vizuri. Aliyewapatanisha ni maji. Kati ya kila chanya na kila hasi ilikaa molekuli moja ya maji, mkono mmoja umeshika huku, mwingine umeshika kule. Kushikana huko ndiko kunakoitwa vifungo vya haidrojeni. Havijalehemewa vifungo hivyo. Ni vya kushikana vidole, na vidole huachia. Kwa kuwa viliachia, Tulizo iliyeyuka tumboni, ikaingia katika damu, ikafika kichwani na kumtuliza mtu.

Fuwele iliyokuwa mbele ya Tusekile haikuwa na maji hayo. Chanya na hasi walikuwa wamebanana wenyewe kwa wenyewe, wagumu kama changarawe. Mgonjwa angeimeza leo na kuitoa kesho ilivyo.

Na mgonjwa wa kwanza aliyemjia akilini hakuwa wa kwenye takwimu. Alikuwa Lugano, mumewe, mpiga kinanda wa kanisani, mtu wa mizaha, ambaye bila Tulizo angeweza kuanguka popote: jikoni, barabarani, juu ya kinanda chenyewe. Kopo lake la vidonge lilikuwa nyumbani, limebaki nusu.

"Mshenga!" aliita. "Njoo upesi. Kuna neno la kumpelekea Baba."

Sasa hapa watu wa pwani hucheka. Basi cheka umalize, tuendelee. Mkuza fuwele mkuu wa Tukuyu, Mzee Ambilikile, alikuwa baba yake Lugano, maana yake baba mkwe wa Tusekile. Na kwa Wanyakyusa wa kizamani mkamwana na baba mkwe hawakutani. Hawakai chini ya paa moja, hawatazamani usoni, wala mke halitaji jina la baba wa mumewe. Hakuna ugomvi hapo. Ni heshima tu, na heshima si utumwa. Wengi katika mji ule wa treni za sumaku na mashine za kuchuma chai walikwisha kuiacha desturi hiyo. Hawa wawili hawakuiacha. Walikuwa kama wanashindana nani anaishika zaidi.

Basi Chumba cha Kusomea kilikuwa juu ya kilima, Chumba cha Kukuzia kilikuwa bondeni, na kati yao alipanda na kushuka Mshenga, mashine ya kimo cha kiunoni, yenye magurudumu matatu na sauti ya upole. Simu walikuwa nazo, tena nzuri. Lakini Tusekile alisema baba mkwe akiwa ndani ya sikio yuko karibu zaidi kuliko baba mkwe akiwa mlangoni, na Mzee alipoambiwa hivyo alicheka mpaka akakohoa, akasema mkamwana huyu ana akili. Miaka tisa waliendesha kazi namna hiyo, na Tulizo haikuwahi kuharibika.

Mshenga alishuka na habari, akapanda na majibu.

"Baba anakusalimu, anauliza mmeamkaje, anauliza chai umekunywa."

"Mwambie nimekunywa. Amesema nini kuhusu maji?"

"Amezunguka mabeseni yake yote. Kisha amesema: 'Mwambie mwanangu nitamwaga mabeseni yote, niyaoshe, nianze upya.'"

Mzee aliosha, akaanza upya. Fuwele zikaota nzuri, zenye kingo kali, zinang'aa. Jicho likazisoma: kavu. Akabadili maji, akabadili mabeseni. Kavu. Nyumbani Lugano alikuwa akimeza vidonge vyake na kutania.

"Nieleze tena hayo maji," alimwambia mkewe, amelala chali kwenye kochi. "Yamekaa katikati, huku kuna mkubwa mmoja, kule mkubwa mwingine, hawagusani, yeye ndiye kawashika wote?"

"Ndiyo."

"Kumbe ni mimi huyo! Baba huku, mke kule, mimi katikati nimelowa."

Tusekile akamrushia mto. Lakini alipogeuka kwenda jikoni machozi yalimtoka, maana alijua kopo linaelekea mwisho.

Kosa lilijitokeza lilipotakiwa kutokea, yaani mahali ambapo mtu mwingine yeyote asingelitafuta. Kila mla mtindi anajua kwamba ukitaka maziwa mabichi yagande unatia mtindi kidogo wa jana, na kibuyu kizima kinafuata. Fuwele nazo ni hivyo. Chembe moja kavu, ndogo kuliko vumbi, ikidondoka kwenye beseni, chembe zote zinazoota zinaiga ukavu wake. Na chembe kavu zilikuwepo mahali pamoja tu: juu kilimani, kwa Tusekile, ambako Jicho lilizipuliza fuwele kwa hewa kavu kabla ya kuzisoma. Nyingine zilikuwa zikikauka mpaka maji yakatoroka, vumbi lake likabaki hewani. Mshenga alioshwa kwenye Lango la Usafi, mlangoni mwa Chumba cha Kukuzia, kila aliposhuka. Viatu vilioshwa, mikono ilioshwa. Nani basi aliyebeba vumbi mpaka bondeni?

Kila Jumamosi Mzee Ambilikile alitoka Chumba cha Kukuzia, akikohoa njia nzima ili ijulikane kwamba anaondoka, na Tusekile akashuka kupima mabeseni. Aliingia amejifunika kitenge chake, ingawa humo hakukuwa na mtu. Kiti cha baba mkwe kilikuwemo, koti lake lilining'inia ukutani, na kwake hayo yalitosha.

Huko juu kilimani Tusekile alikivua kitenge, akakikunja, akaketi amekipakata. Kisha akakiweka chini ya Jicho. Nyuzi zake ziliwaka nuru tupu: vumbi kavu la miaka tisa lilikuwa limejishindilia humo, kila uzi, mpaka kwenye pindo.

Alikumbuka. Siku yake ya kwanza kazini, bi harusi mpya, Lango la Usafi lilimwamuru avue kitambaa. Angeingiaje kichwa wazi mahali palipo na kiti cha baba mkwe? Aligeuka, akaenda kulia nyuma ya tangi la maji. Kesho yake lango lile lile lilisema, "Pita, mama." Hakuuliza nani aliyelifundisha adabu. Alijua, na siku ile alimpenda mzee yule kama anavyompenda baba yake mzazi.

"Mshenga," aliita. "Mwambie Baba kosa nimelipata. Ni langu. Kitenge changu ndicho kilichobeba."

Mshenga akashuka, akapanda. "Baba anasema lango lilikikataa kitenge tangu mwanzo, na aliyelilazimisha likikubali ni yeye. Anasema kosa ni lake."

"Mwambie asininyang'anye kosa langu."

Mshenga akashuka, akapanda. "Baba anasema yeye ni mkubwa, na mkubwa huchagua kwanza."

Tusekile akacheka huku analia. Mara ya tano Mshenga aliomba ruhusa akachaji betri, na ugomvi ukaishia hapo bila mshindi.

Kitenge kilichomwa. Chumba cha Kukuzia kilipigwa mvuke wa moto mpaka kuta zikatoa jasho. Lango likafundishwa upya: kitambaa cha kujifunika hakipiti, cha mtu yeyote. Ikabaki mbegu. Ili fuwele zishike maji tena, palihitajika chembe zenye maji za kuzionyesha njia, na chembe hizo zilikuwa zimekwisha kote, isipokuwa katika kopo moja.

Tusekile alikwenda nyumbani na Jicho Dogo, lenzi ya mkononi iliyozoea macho yake na kukataa ya mtu mwingine. Alivimwaga vidonge vya Lugano mezani na kuvisoma. Kabla ya kuchomwa, kitenge kilikuwa kikining'inia kila usiku juu ya kabati la vidonge hivyo, na vumbi limefanya kazi yake: vingi vilikwisha kauka. Vyenye maji vilijaa kiganja kimoja tu.

"Ukivimeza hivi, utavuka wiki hii," alisema. "Wiki ijayo hakuna. Si kwako, si kwa mtu yeyote."

"Na nisipovimeza?"

"Tunavipanda. Lakini mpaka fuwele ziote huna kitu tumboni, Lugano. Sijui utaanguka lini, wala sijui utaamkaje."

Lugano alivitazama. Hakufanya mzaha mara moja, na hilo lilimtisha mkewe kuliko maneno yoyote.

"Bibi yangu alikuwa na mahindi darini mwaka wa njaa," alisema mwishowe. "Alitulaza na uji wa maganda ya ndizi, mahindi tunayaona juu. Tulimchukia, haki ya Mungu. Mbegu hailiwi, mke wangu. Chukua." Kisha akaongeza, "Ila mwambie Baba akizichezea mbegu zangu nitamdai."

Mama yake akaja kukaa naye.

Mbegu zilikuwa chache mno, na mashine ya ukungu iliyoyalowesha mabeseni haikuwahi kukuza fuwele kutoka katika kiasi hicho. Ukungu ukizidi, mbegu zingeyeyuka, ukipungua, zingekauka. Mkono wa Mzee ulipaswa kuwa kwenye vali, na jicho la Tusekile juu ya beseni, kwa wakati mmoja. Mshenga angekuwa bado yuko mteremkoni.

Hivyo saa nane mchana, mvua ya Tukuyu ikinyesha kama kawaida yake, Tusekile alisimama mbele ya Lango la Usafi. Alikuwa na gauni jeupe la nailoni na Jicho Dogo tu. Kichwa kilikuwa wazi. Alijisikia uchi, na miguu ilimwambia arudi nyuma ya tangi la maji.

"Pita, mama," lango likasema.

Ndani, Mzee Ambilikile alikuwa amelipa lango mgongo, uso wake kwenye ukuta. Aliisikia sauti hiyo. Hakugeuka. Alinyoosha mkono na kuifungua vali mpaka mwisho, na ukungu ukamiminika kutoka kwenye mabomba yote, mweupe, mzito, ukajaa chumba. Tusekile alipoingia hakuuona ukuta, hakuiona mikono yake, hakumwona baba mkwe wake, wala yeye hakuonekana. Ukungu ulimfunika kichwa na mabega.

Alielewa. Akapapasa mpaka kwenye beseni, akadondosha mbegu, akalishusha Jicho Dogo majini.

Kuongea naye moja kwa moja kulimshinda. Miaka tisa si mchezo.

"Mwambie Baba," alisema, na hapakuwa na Mshenga wala kivuli chake, "mbegu zimeshika. Apunguze ukungu taratibu sana."

Vali ikazungushwa. Kisha kutoka upande wa pili, sauti nzito aliyokuwa akiisikia kwa mbali tu, ikikohoa Jumamosi, ikajibu:

"Mwambie mwanangu, nimepunguza."

"Mwambie Baba maji yanaingia safu ya kwanza. Abaki hapo hapo."

"Mwambie mwanangu, sitikisiki."

Wakaendelea hivyo, wanazungumza na ukungu. Tusekile alikuwa akiona katika lenzi molekuli za maji zinavyofika moja moja, zinapapasa, zinashika huku, zinashika kule. Nusu ya safu zilikuwa zimejaa mlango wa nje ulipogongwa.

"Samahani," ilikuwa sauti ya Mshenga, ya upole kama siku zote. "Ujumbe kutoka nyumbani. Mama anasema Lugano ameanguka. Hajaamka. Anamshikilia."

Lenzi ya Tusekile ikagonga beseni.

"Mwambie mwanangu aende," Mzee akasema upesi. "Nitabaki mimi."

Lakini Jicho Dogo lisingemfungukia Mzee, na bila jicho vali ni upofu. Akienda, fuwele zingekauka saa hiyo hiyo, na vile vidonge alivyonyimwa Lugano vingekuwa vimepotea bure. Na wengine wangapi mjini walikuwa wanasubiri, mama zao wakiwashikilia vile vile? Tusekile alitaka kukimbia. Kila kilichokuwa ndani yake kilitaka kukimbia.

"Mwambie Baba," alisema, na sasa alikuwa analia kwa sauti, "mwambie aongeze ukungu kidogo. Upande wa kushoto."

"Mwambie mwanangu... nimeongeza." Sauti ya mzee ilikatika. "Mwambie na mimi ni mwanangu yule."

"Najua, Baba."

Hakusema "mwambie". Hakuna kati yao aliyelitaja hilo, si siku ile wala baadaye. Walibaki kwenye nafasi zao, kila mmoja akimlilia Lugano upande wake, mpaka safu ya mwisho ikapata maji yake na beseni likaota fuwele kutoka chini mpaka juu.

"Tayari," Tusekile alisema.

"Ukungu unaisha, mwanangu," Mzee akamjibu, bado ameugeukia ukuta. "Nenda kamshike mumeo."

Lugano aliamka jioni, na alimeza kidonge cha kwanza cha mkupuo mpya mkewe akikishika kidonge na mama yake akishika kikombe. Ilimchukua muda kulikumbuka jina la mtaa wao. Mkono wake wa kushoto haukurudi. Unatetemeka, hautii amri, na kinanda anakipiga kwa mkono wa kulia tu; sauti za chini wanaume wa kwaya wanaziimba kwa mdomo. "Mkono huu una nyimbo zake," Lugano husema watu wakiutazama. Tusekile hacheki mzaha huo. Jumapili hukaa nyuma kabisa, anautazama ule mkono, na kuna siku anajiuliza kama angekimbia ingekuwaje. Alimuuliza Lugano mara moja tu. Lugano alisema angekimbia asingempokea mlangoni, kisha akamwomba amfunge vifungo vya shati.

Wakubwa wa Nyumba ya Fuwele, kiwanda chenye vyumba hivyo viwili, waliona wamejifunza kitu. Walipendekeza Mshenga astaafishwe na wataalamu hao wawili waunganishwe kwa sauti na picha, moja kwa moja. Jibu lilitoka juu na bondeni siku moja, bila wawili hao kushauriana: hapana.

Mshenga anapanda na kushuka kama zamani. Ila kila mkupuo mpya unapopandwa, Mzee Ambilikile hufungua ukungu mwingi kuliko maelekezo yanavyosema. Mafundi humuuliza kwa nini anapoteza maji, naye huwajibu kwamba fuwele zinapenda. Lango husema, "Pita, mama," na ndani ya weupe ule hakuna anayemwona mwenzake.

"Mwambie Baba, shikamoo."

"Mwambie mwanangu, marahaba."

Mshenga yuko nje, anasubiri mlangoni. Humo ndani hakuna wa kutumwa. Kati yao kuna maji tu.